Kidonge kigumu kuliko cha wanga: gundi ya mkorosho imekosea wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma famasia, niko mwaka wa mwisho, na kwetu ni Newala. Kwa utafiti wangu nilichuma gundi ya mkorosho shambani kwa babu, nikaianika, nikaisaga, nikaitumia kushikanisha vidonge vya parasetamoli vya mg 500 badala ya uji wa wanga wa mahindi. Niliweka gundi asilimia 8. Vidonge vimetoka vizuri mno, vinang'aa, ugumu wake kilo 12 wakati vile vya wanga ni kilo 5. Lakini kwenye mashine ya kupima kusambaratika vimekaa dakika 41 na bado kuna mabaki juu ya wavu. Maelezo ya hatua zangu na ukurasa wa utangulizi nimeviambatisha. Je, gundi hii haifai au ni mimi niliyekosea? Na kama inafaa, kwa nini viwanda vyetu vinaagiza bainda, yaani vitu vya kushikanishia vidonge, kutoka nje wakati mikorosho imetuzunguka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Gundi yako haijakosea kitu. Umeituma kazi, nayo imeifanya kwa bidii iliyopita kiasi. Ila kabla hatujafika kwenye asilimia, naomba ufanye jambo moja ambalo naona kwenye barua yako hukulifanya: ukitazame kidonge chenyewe.

Kitie kidonge kimoja kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, usikitikise, kaa nacho dakika kumi. Kisha kitoe, ukipitishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Utakuta juu kuna utelezi kama wa bamia iliyokatwa. Kivunje katikati kwa ukucha. Chini ya ule utelezi kuna unga mkavu, mkavu kabisa, kama vile kidonge hakijawahi kuona maji. Hapo ndipo zilipokwenda dakika zako 41.

Gundi za miti kama hii ni minyororo mirefu ya sukari. Ya mkorosho ina galaktosi kwa wingi, halafu arabinosi, glukosi, ramnosi na asidi ya glukuroni. Minyororo hiyo inapenda maji. Maji yakigusa uso wa kidonge, gundi ya juu inafura, inakuwa ute mzito, na ule ute unageuka mlango uliofungwa: maji ya nje hayapiti upesi kwenda ndani. Kwa hiyo kidonge chako hakivunjiki. Kinalika kutoka nje kwenda ndani, taratibu, kama pipi mdomoni. Ukikitoa baada ya dakika 20 utaona umbo ni lile lile, limepungua tu.

Uji wa wanga haufanyi hivyo. Chembe zake nyingine zimeiva na kushikana na dawa, nyingine zimeiva nusu tu, na kati yake panabaki vinjia. Maji yanapenya, wanga mkavu uliochanganywa pembeni unafura kwa ndani, kidonge kinapasuka. Ndiyo maana kidonge cha wanga kikitumbukizwa majini huonekana kama kinatoa moshi, halafu kinaporomoka.

Sasa hiyo kilo 12. Naona umeiandika kwa fahari, na sikulaumu, kwa sababu wanafunzi karibu wote huja kwangu na namba ya ugumu mkononi kama ndiyo matokeo ya mtihani. Kidonge kinahitaji ugumu wa kutosha kutoka kwenye mashine, kukaa kwenye chupa na kusafiri juu ya bodaboda hadi kwenye duka la dawa la Tandahimba bila kumomonyoka. Kipimo cha safari hiyo ni cha kumeguka, na hukukitaja. Chukua vidonge 11 vya mg 600 (huo ni uzito wa kidonge kizima, dawa na vyote vilivyochanganywa nayo), vipanguse vumbi, vipime uzito, vizungushe kwenye pipa la mashine mara 100 kwa mwendo wa mizunguko 25 kwa dakika, kisha pima tena. Vikipoteza chini ya asilimia 1, basi vimeshika vya kutosha. Ugumu unaozidi hapo hauna faida kwa mgonjwa. Mtu mwenye homa hatafuni parasetamoli. Anameza, anajilaza, anasubiri ipoe. Famakopia ya Uingereza, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inakipa kidonge kisichofunikwa dakika 15 kiwe kimesambaratika katika maji ya nyuzi 37, na ya Marekani inataka angalau asilimia 80 ya parasetamoli iwe imeyeyuka ndani ya dakika 30. Chako saa hizo kinaanza tu kulowa.

Nikutetee kidogo hata hivyo. Parasetamoli ni dawa ngumu kuishikanisha. Fuwele zake ni kavu, hazikubali kukunjika, na mashine ikiachia shinikizo zinarudi nyuma kama springi. Ndipo kidonge kinapovua kofia, kipande cha juu kinabanduka kizima. Zipo dawa zinazokubali kukandamizwa karibu peke yake. Mwingereza William Brockedon, aliyepata hataza ya kukandamiza unga kwa kalibu mwaka 1843, alikuwa mchoraji aliyehangaika na vumbi la grafiti ili apate penseli nzuri. Vidonge vya dawa vilidandia humo humo. Parasetamoli haidandii. Bila bainda nzuri huendi popote, kwa hiyo kuwaza gundi hukukosea.

Ulipokosea ni kipimo. Kwa gundi ya mgunga, ile inayoitwa gundi ya Uarabuni ambayo wafamasia wameizoea tangu zamani, kiwango cha kushikanishia vidonge ni kati ya asilimia 1 na 5 ya uzito wa kidonge. Wewe umeanza na 8, tena kwa gundi ambayo hujaisafisha. Fanya bechi tatu: asilimia 1, 2.5 na 4. Hii hapa ya katikati, kwa vidonge 200 vya mg 600 kila kimoja, uone ninavyoipanga.

Parasetamoli gramu 100. Wanga wa mahindi mkavu gramu 12, lakini ugawe mara mbili, gramu 6 na gramu 6. Laktosi gramu 3.8. Gundi iliyosafishwa gramu 3. Magnesiamu stearati gramu 1.2. Gundi iyeyushe katika maji yaliyotoneshwa ml 27, ifunike, iache usiku kucha. Ya mkorosho hailainiki haraka kama ya mgunga, na ukiiharakisha utapata vidonge vyenye macho ya kahawia. Changanya parasetamoli, laktosi na nusu ya kwanza ya wanga kwenye kinu, kisha mimina gundi kidogo kidogo huku unasukuma kwa mchi. Usimwage yote kwa sababu tu umeipima. Mkono wako ndio utakaokuambia: kamata konzi moja, ifumbate, ifungue. Ikibaki bonge na ukilikunja linakatika safi bila kumwagika vumbi na bila kuacha ute kiganjani, simama hapo. Ikikuganda mkononi kama ugali mbichi, umeshapita, na chenga zitakazotoka, yaani punje za unga ulioshikana, zitakuwa mawe. Andika umetumia ml ngapi.

Pitisha kwenye chekeche la milimita 1.7, kausha kwa nyuzi 50, pitisha tena kwenye la milimita 1. Hapa wengi hukausha hadi kesho yake wakidhani kikavu zaidi ndio bora. Chenga za gundi zikikauka mno kidonge kinavua kofia. Zikibaki na unyevu mwingi unga unang'ang'ania kwenye pini za mashine. Mimi hulenga unyevu wa asilimia 2 hivi.

Sasa ile nusu ya pili ya wanga. Hii inaingia sasa, nje ya chenga, ikiwa kavu. Nimesoma maelezo yako nikaona wanga wote uliufungia ndani ya chenga pamoja na gundi. Umemfungia ndani mtu uliyemtegemea akufungulie mlango. Wanga wa nje huvunja kidonge kiwe chenga, wa ndani huvunja chenga ziwe unga. Unahitaji wote wawili.

Stearati iwe ya mwisho, dakika mbili au tatu za kuchanganya, basi. Ni ya jamii ya mafuta. Ukiizungusha dakika 20 inajipaka kwenye kila chenga na kuzuia maji, na lawama utaitupia gundi. Halafu punguza shinikizo la mashine mpaka ugumu uwe kati ya kilo 5 na 7. Nina hakika sehemu kubwa ya zile dakika 41 itaondoka kwa hatua hizi tu kabla hata hujagusa kitu kingine.

Kuhusu kusafisha gundi, hili lisikilize vizuri kwa sababu unatoka Newala. Babu anapuliza salfa? Najua jibu. Mikorosho ya kusini hupulizwa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiriunga, na kuna wanaopiga na viuatilifu vya wadudu. Gundi inatoka kwenye gome, inakaa nje wiki kadhaa ikiwa mbichi na yenye kunata, inashika kila kinachopita hewani: salfa, vumbi, mchwa, kinyesi cha ndege. Chuma kwenye miti ambayo haijapulizwa msimu huo, au chagua mti kadhaa umwombe babu aiache. Chukua mabonge meupe au ya rangi ya asali yanayopitisha mwanga. Ya kahawia iliyokoza yaache, hayo yamejaa tanini za gome.

Saga, yeyusha kwenye maji yaliyotoneshwa, acha usiku, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Chemsha ule ute kwa muda mfupi. Gundi ya mgunga ina kimeng'enya kinachooksidisha vitu vya jamii ya fenoli, na moto wa nyuzi 100 hukinyamazisha. Ya mkorosho nayo ipitishe hapo hapo, maana parasetamoli yenyewe ni fenoli na hutaki vidonge vyeupe vigeuke rangi ya chai ya maziwa kabatini. Ikipoa, mimina ndani yake ethanoli ya asilimia 96, mara tatu ya ujazo wake, ukikoroga. Gundi itajikusanya kama nyuzi nyeupe, kama pamba inayoelea. Ichuje, ioshe tena kwa ethanoli, ikaushe kwa nyuzi 50, isage, ichekeche. Ile ethanoli iliyobaki na rangi ya njano usiimwage. Ndiyo iliyobeba uchafu, na ukiitonesha unaitumia tena. Hayo maji ya njano ndiyo uliyokuwa unayalisha vidonge vyako vya mwanzo.

Vipimo viwili vya dakika moja vitakuonyesha kama umesafisha. Tone la kloridi ya feri kwenye mmumunyo wa gundi: ukiingia weusi au bluu iliyokoza, tanini bado zipo. Tone la iodini: likigeuka bluu, ndani yake kuna wanga, na kwa gundi ya kununua sokoni maana yake mtu ameichakachua. Kisha peleka sampuli maabara ya vijidudu. Gundi ni chakula cha bakteria, na kuchemsha hakuui mbegu zao zote. E. koli na salmonela zisiwepo kabisa.

Kwenye ukurasa wako wa utangulizi umeandika pia kwamba "gundi asilia kama sandarusi na ubani" zingeweza kutumika hivi hivi. Futa sentensi hiyo kabla msimamizi hajaiona. Sandarusi ni ulimbo mgumu, haiyeyuki majini, ndiyo maana karne ya 19 ilitoka pwani yetu kwa majahazi kwenda kutengenezewa vanishi huko Ulaya na Marekani. Ubani ni nusu kwa nusu, una ulimbo na una gundi. Usugue kwenye maji uone unavyotoa maziwa. Cha kutofautisha ni maji tu: kinachofura na kuyeyuka majini ni gundi, kinachokataa maji kikakubali spiriti ni ulimbo. Kiswahili cha mtaani kinaita vyote utomvu, nasi tusipoangalia tunabeba mtaa hadi maabara.

Kuna jambo halitaonekana siku ya kwanza. Miaka ya nyuma, katika kiwanda kimoja ambacho jina nitaliacha, tulibadilisha bainda ya kidonge kimoja tukatumia gundi ya mgunga. Siku ya kutoka mashineni kilisambaratika kwa dakika 9, sote tukacheka. Baada ya miezi sita nikafungua chupa ya sampuli: dakika 26. Chupa nyingine za bechi hiyo zilishafika kwa wauzaji, tukaanza kuzifuata moja moja. Gundi inavuta unyevu wa hewa, inalainika kidogo, inatambaa kati ya chenga, kisha hewa ikikauka nayo inakauka pale pale ilipofika, kidonge kinazidi kukaza bila mtu kukigusa. Kwa hewa ya Dar es Salaam au Mtwara mzunguko huo hauchoki. Kwa hiyo vidonge vyako vya bechi zote tatu viweke kwenye kabati la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, vipime mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita. Kama muda wa shule hautoshi, hata mwezi mmoja utakuonyesha upande vinakoelekea. Utafiti mwingi wa gundi za miti ninaousoma unaishia kwenye vipimo vya siku ya kutoka mashineni, na hapo ndipo ningependa wako utofautiane.

Sasa viwanda. Unauliza kama vile kuna mtu anawazuia kupenda mikorosho. Mkuu wa uzalishaji anapofungua gunia la povidoni, bainda wanayoiagiza, anajua namba iliyoandikwa juu, tuseme K30, ina maana ile ile iliyokuwa nayo mwaka jana. Povidoni ilitoka kwenye maabara ya Mjerumani Walter Reppe miaka ya 1930, ni kitu cha kiwanda mwanzo mwisho, haijui mvua wala kiangazi. Gundi ya mti inajua. Unato wake hubadilika kwa mti, kwa msimu, kwa umri wa jeraha, kwa mchumaji aliyechanganya mabonge meupe na meusi ili gunia lijae. Wewe mwenyewe: hiyo uliyotumia ilitoka mti mmoja au kumi? Mwezi gani?

Gundi ya mgunga iliweza kuvuka kikwazo hicho kwa sababu imefanyiwa kazi ya kuchosha kwa vizazi. Wasudani wa Kordofan wanajua kutenganisha hashabu na talha, gundi za aina mbili za mgunga, na ukichanganya, mwanga utakusema: mmumunyo wa hashabu huupindisha kushoto, wa talha kulia. Famakopia zinaeleza majivu yake yasizidi asilimia 4, unyevu usizidi asilimia 15. Ya mkorosho haina ukurasa wake katika famakopia ya Uingereza wala ya Marekani, ingawa Wabrazili na Wanigeria wameiandikia makala nyingi. Bila ukurasa huo, kiwanda kikipeleka kidonge chake TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, kitalazimika kuthibitisha usalama na ubora wa gundi yenyewe kwanza, kama kitu kipya. Kwa gharama hiyo kiwanda kinanunua povidoni.

Piga na hesabu ya upande wa pili, maana vijana wengi wa kusini wananiandikia wakiona utajiri hapa. Kidonge chetu cha asilimia 2.5 kina gundi mg 15. Kiwanda kikitoa vidonge milioni 100, kimetumia tani moja na nusu tu. Hilo ni lori dogo halijajaa. Gundi inayosafiri duniani kwa maelfu ya tani inakwenda kwenye soda na peremende, siyo kwenye vidonge. Ndiyo maana Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997 iliiachia gundi ipite. Wenye mikorosho wakitaka soko la gundi, waanzie kwa watengeneza peremende.

Na ndivyo ningekushauri hata kwenye utafiti. Umechagua dawa ambayo mgonjwa anaitaka ifike haraka, ukaipa gundi inayopenda kwenda polepole. Ile tabia ya kulika kama pipi, iliyokuharibia parasetamoli, ndiyo hasa inayotafutwa kwenye vidonge vya kumung'unya vya koo, ambavyo vinatakiwa vikae mdomoni dakika kadhaa bila kupasuka. Kama msimamizi atakubali, weka bechi ya nne: vidonge vya kumung'unya, gundi ile ile, na hapo asilimia 8 huenda isitoshe.

Anza na kidonge cha kwenye glasi. Gundi uliyobaki nayo igawe kwenye chupa, kila mti chupa yake, andika mti na tarehe kwenye lebo. Ukipata dakika za bechi tatu niandikie, pamoja na zile ml za maji ulizotumia kweli, siyo ulizopanga.